Namba Moja, Mwisho wa Rafu

Kulikuwa na wakati ambapo mtu akisema "tuanze moja" mbele yangu, damu ilinichemka. Maneno hayo aliniambia mume wangu kwa simu kutoka Nakuru, Ijumaa moja nikitoka kanisani, maana Dubai Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. "Rudi nyumbani tuanze moja," alisema, kwa sauti ya mtu anayependekeza tubadilishe mapazia. Nilimkatia simu. Nina hasira za karibu, hilo sifichi, na siku hiyo hata dereva wa teksi alizipata bila kosa lolote.

Nieleze kwa nini. Tulikuwa na binti aliyeishi miezi minane. Wiki moja baada ya mazishi nilikwenda kwa mama yangu kupumzika, na niliporudi nyumbani sikukuta kitanda chake, wala nguo, wala beseni lake la kuogea, wala picha hata moja ukutani. Mume wangu alikuwa ameondoa kila kitu peke yake, kwa siku moja, na matundu ya misumari akayaziba na kuyapaka rangi. "Nilitaka kukurahisishia," alisema. Tangu siku hiyo hakumtaja mtoto tena. Nikimtaja mimi, alinyanyuka akaenda kuangalia kama geti limefungwa. Niliishi na mtu wa kuangalia geti karibu mwaka mzima, kisha nikatafuta wakala, nikapanda ndege.

Huku Dubai nilianza kwa kulea watoto wa watu huko Mirdif, na mkataba ulipokwisha nikapata kazi dukani, Al Muraqqabat. Sasa viza ya dukani nayo ilikuwa inaelekea kwisha. Mwenye duka, ambaye sote tulimwita arbab, alitaka jibu: nibaki anisainie mkataba mpya, au anikatie tiketi ya kurudi nyumbani moja kwa moja. Na kule nyumbani kuna mtu ananisubiri tuanze moja. Nimrudie mtu aliyemfuta mwanangu ukutani, au nisimrudie? Nililala na swali hilo na kuamka nalo.

Duka letu lilikaa katikati ya saluni na duka la masanduku ya safari. Mbele tuliuza magazeti na vitabu vilivyosomwa, lakini jina letu mjini lilitokana na chumba cha nyuma, kilichojaa komiki: vile vijitabu vya picha vya mashujaa wanaoruka juu ya majumba na chupi nje ya suruali. Nilipoingia mara ya kwanza nilicheka hadi nikashika meza. Mwanamke aliyekuwa akipanga rafu hakugeuka. "Soma kwanza," alisema. "Ukishasoma, cheka ushibe."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alizaliwa Unguja, akaletwa Dubai na wazazi wake angali mdogo, na Kiswahili chake kilikuwa bado kitamu kama cha mtu aliyeshuka juzi. Siku ya kwanza nilimwita mum, kama sisi Wakenya tunavyomwita kila mwanamke mwenye umri. Akanitazama juu ya miwani yake. "Mimi sijakuzaa, mwanangu. Ningekuzaa mimi, usingesema 'kitabu yangu'." Basi nikamwita Bi Mkubwa, akaridhika, ingawa wenzangu nyumbani walicheka sana, maana kwetu bi mkubwa ni mke wa kwanza wa mtu.

Bi Mkubwa alikuwa amezisoma komiki tangu usichana, akizinyang'anya kwa kaka zake. Aliziheshimu kama watu wengine wanavyoheshimu vyombo vya arusi. Mikono ioshwe, ukurasa ushikwe pembeni, na ole wake atakayelamba kidole kabla ya kufunua. Aliyempenda kuliko wote alikuwa shujaa mmoja ambaye jina lake la Kiingereza hakulijali hata kidogo. Yeye alimwita Msikivu, na mimi nikafuata. Huyo Msikivu alikuwa fundi wa mitambo ya simu aliyepigwa na umeme juu ya mnara, na alipozinduka akawa anasikia kila sauti ya mtu anayeomba msaada katika mji wake. Kila sauti, usiku na mchana. Anavaa barakoa ya buluu na kwenda.

Nilianza kumsoma ili nimfurahishe Bi Mkubwa. Asubuhi wateja ni wachache, nikawa namaliza mbili tatu kabla ya adhuhuri. Sikujua nilivyonaswa. Msikivu akamwoa muuguzi, wakapata binti, na binti alipokua kidogo akavalishwa koti la mvua la manjano ambalo hakukubali kulivua hata kitandani. Mtoto huyo aligundua kwamba hana haja ya kupiga kelele baba yake amsikie. Kwa hiyo, baba akiwa katikati ya mabomu, upande wa pili wa mji, mtoto anaketi chini ya meza na kunong'ona, "Baba, uji umemwagika." Na yule mtu, aliyezungukwa na moto, anatabasamu. Sina aibu kusema nililia juu ya uji wa watu wa karatasi.

Sasa, hadithi ya namna hii ina shida yake, na Bi Mkubwa alinieleza vizuri. Msikivu alikuwa na miaka thelathini tangu Bi Mkubwa yuko shule, na bado alikuwa na miaka thelathini. Waandishi walibadilishana juu yake kama madereva wa basi moja. Huyu anamuua kaka yake, yule anamfufua. Huyu anaivunja nyumba, yule anasema ilikuwa ndoto. Mambo yalirundikana hadi msomaji mgeni hajui aanzie wapi. Basi kampuni inayomchapa ikaamua: khalas. Msikivu ataanza upya. Atakuwa kijana, hajaoa, ndiyo kwanza anapanda ule mnara. Muuguzi hamjui. Na mtoto hajazaliwa, wala hatazaliwa, kwa sababu hajawahi kuwepo.

Katoni ilifika Jumatano. Niliifungua mwenyewe, na juu kabisa nikaiona: namba moja, jalada linang'aa, Msikivu mchanga kama mvulana wa kipaimara. Rafu yake ilikuwa imejaa, kuanzia kushoto hadi namba mia nne na kumi na mbili kulia. Nikasukuma safu nzima kupata nafasi, nikaiweka namba moja kushoto kabisa, mahali pa moja. Mtu yeyote aliyesoma hesabu angefanya hivyo.

Bi Mkubwa alitoka kuswali, akapita, akasimama. Akaichomoa. Akatembea nayo hadi ncha ya pili ya rafu, akaipenyeza baada ya mia nne na kumi na mbili, akaisawazisha kwa kiganja.

"Bi Mkubwa, lakini imeandikwa moja."

"Kusoma najua. Ni moja, sikatai. Ila ni moja ilokuja baada ya hizi zote. Ukiiweka kule mwanzo, utakuwa umesema uongo."

Nilimwona ana ushamba wa wazee. Nilikuwa na hasira yangu nyingine, na hasira hiyo haikuwa ya rafu.

Ijumaa iliyofuata, mchana, akaja Mfilipino mmoja aliyekuwa mpaka rangi wa magari katika karakana ya Al Quoz. Kila Ijumaa alipanda basi la kampuni hadi mjini, na sisi tulimwekea komiki zake kwenye kijisanduku chenye namba yake. Alisoma namba moja akiwa amesimama palepale kwenye kaunta, viganja vyake vimetapakaa madoa ya fedha yasiyotoka kwa sabuni. Alipomaliza aliirudisha mezani taratibu. Alikuwa na binti kwao wa rika la yule wa koti la manjano, na kila mwezi alikuwa anamtumia picha za mtoto huyo wa komiki alizozinakili kwa mkono. "Nimwambie nini sasa?" aliniuliza. "Nimwambie rafiki yako hajawahi kuwepo?" Akatoka bila kununua.

Hakuwa peke yake. Wiki ile tulitukanwa kwa lugha zote za Dubai, kana kwamba sisi ndio tuliomwandika. Vijana wa Mirdif walioshushwa mlangoni na madereva wao walibishana hadi saluni wakaja kuchungulia. Wengine walisema afadhali, hadithi imepata pumzi. Wengine walisema huu ni wizi: umenifanya nipende kitu miaka yote hii, halafu unaniambia nilikuwa napenda hewa. Arbab, aliyekuwa hajawahi kusoma komiki hata moja, akatoka ofisini akapiga makofi. "Yalla, rahisi tu. Hadithi ya zamani imekwisha. Zile za zamani zote tupeni kwenye kikapu cha bei ya chini."

Bi Mkubwa alivua miwani. "Arbab, ulipopata mtoto wa pili, yule wa kwanza ulimtia kikapuni?"

Arbab akarudi ofisini kwake. Rafu haikuguswa.

Lakini mimi nilikuwa upande wa mpaka rangi, tena kwa moto. Tulipobaki wawili nililipuka. Nilisema waandishi wale hawana haya. Nilisema kumuua mtoto katika hadithi ni jambo baya lakini angalau mtoto anapata kaburi, watu wanalia, jina linasemwa. Huku kumfanya hajawahi kuwepo ni ukatili wa mtu anayetaka mambo yake yawe safi. Nilisema mengine ambayo hayakuhusu komiki hata kidogo. Bi Mkubwa alijua habari za mume wangu. Nilishamsimulia tukifungua katoni. Aliniacha niseme hadi pumzi ikaniishia.

"Umeisoma?" akauliza.

Sikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimekataa kuigusa.

"Basi wewe umegombana na jalada."

Nikaisoma siku iliyofuata asubuhi, duka tupu, midomo nimeibana kama mtu anayemeza dawa. Nilikuwa nimejiandaa kuichukia, na kurasa za mwanzo zilinisaidia, kwa sababu yule kijana alikuwa na majivuno. Kisha nikafika kwenye ukurasa ambao hadi leo naweza kuuchora kwa kidole hewani. Msikivu ametoka hospitali baada ya ule umeme, anatembea mtaani kwa mara ya kwanza na masikio yake mapya. Mchoraji gani huyu, nilijiuliza, maana ukurasa mzima ulikuwa umejaa maneno: vilio, wito, sala, herufi ndogo ndogo zimeingia mpaka kwenye mawingu, zimepita juu ya magari, zimefunika hata nyuso za watu. Jicho linachoka kama sikio. Na katikati, kwenye kituo cha basi, amesimama mwanamke mwenye sare ya uuguzi. Kumzunguka yeye hakuna herufi hata moja. Karatasi nyeupe tu. Msikivu anapita, hatua mbili mbele anasimama, anagusa sikio lake. Hajui kwa nini. Basi linakuja, linamchukua mwanamke, kelele zinarudi.

Niliirudia mara tatu. Nilitaka kuwatukana waliouchora, na matusi hayakuja. Watu hawa walikuwa wamepewa amri ya kufuta ndoa nzima, na wamefuta, lakini pale walipofuta wameacha peupe palivyo, kila mtu apaone.

Kisha nikaanza kumtafuta mtoto. Sikuwa na sababu, nilijua hayumo. Nilimtafuta kama unavyopapasa mfuko ambao umeshaupapasa. Nilikwenda picha moja moja, kona kwa kona, na kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, kijana yule anaingia chumbani kwake anakoishi peke yake, anavua viatu, anazima taa. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, limetundikwa koti la mvua dogo la manjano.

Nilipiga ukelele mtu wa saluni akaja mbio akidhani tumevamiwa.

Bi Mkubwa alikuja na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi. Nilimwonyesha kwa kidole. Akaishusha miwani, akaipandisha, akaisogeza komiki karibu na dirisha. "Wallahi, sikuliona," alisema. Alikuwa ameisoma tangu Jumatano. Akaketi juu ya katoni, na mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akitoa machozi akawa anayafuta na kile kitambaa cha vumbi, uso ukawa na michirizi.

"Mkono umemkatalia," alisema. "Ameambiwa amfute mtoto, amemfuta, halafu mkono ukamkatalia. Maskini ya Mungu. Na hao wenzake wote wameliona koti lile wakanyamaza, likenda hadi mtamboni likachapwa."

"Kwa nini basi wamemfuta?"

"Hadithi imewashinda, mwanangu. Si kila afutaye hapendi. Wengine hawajui waendelee vipi na kitu kile kipo mbele yao."

Hakumtaja mume wangu. Alinyanyuka akaenda kunawa uso.

Nimewafikiria watu wale mara nyingi tangu hapo, watu nisiowajua hata kwa sura. Wamechukua kitu kinachopendwa na wapaka rangi wa Al Quoz na wanawake wa Unguja, wakakianza upya mchana kweupe, wakijua watalaaniwa kuanzia kwao hadi kwetu. Na niliwalaani mimi pia, na laana zangu si za mchezo. Bado wakakaa mezani wakauchora ule ukurasa kwa uangalifu wote ule, na lile koti wakalitundika mahali ambapo wengi hawatatazama. Nawavulia kofia. Mpaka rangi alipopita tena Ijumaa, nilimvuta mkono hadi kaunta nikamwonyesha. Alicheka kwa sauti, akanunua mbili, moja ya kwake na moja ya kumtumia binti yake, bila kutia alama, alitafute koti mwenyewe. Kisha akaniuliza kama mtoto atarudi kwenye hadithi. Nikamwambia sijui, na kweli sikujua.

Arbab naye hakuwa na muda wa makoti. "Yalla, sema. Unabaki au unakwenda?" Nikamwomba anipe hadi Jumamosi.

Ijumaa hiyo hiyo, mume wangu alinifleshi. Bi Mkubwa angesema alinibipu. Niliingiza kadi ya simu niliyokuwa nayo, nikaketi kwenye ngazi za jengo letu, ambako hewa ya viyoyozi vya watu inakupiga moto usoni lakini angalau hakuna anayekusikiliza. Alianza na hali ya hewa. Alisema mvua imenyesha Nakuru, mahindi ya jirani yamekuwa mazuri. Nikamwacha amalize mahindi.

"Sasa umefikiria ile maneno?" akauliza.

"Nimefikiria. Nataka kitu kimoja tu kutoka kwako."

"Sema."

"Mtaje."

"Nani?"

"Unajua ni nani."

Nilisikia redio ya mtu kwa mbali, na mbwa. Nilikuwa nimeshaamua: akiniambia niachane na hayo, au akisema anaenda kuangalia geti, kesho namwambia arbab asaini mkataba, na mimi na yule mwanamume ndiyo imetoka. Sikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha. Niliushika ukingo wa ngazi.

Akakohoa. Kisha akalitaja jina lake. Alilitaja lote, kama lilivyosomwa siku ya ubatizo, na jina la mama mkwe wangu katikati. Sauti ilimkatika hapo katikati, akarudi nyuma akalianza tena, akalimaliza.

"Mwaka huu angekuwa class one," akasema. "Siku ile shule ilifunguliwa nilipita huko. Nikasimama kwa gate nikiwaangalia wakiingia na zile sweta kubwa. Watchman akaniuliza, mzee, mtoto wako ni yupi?"

Sauti ya mwanamke wa kadi ikaingia, ikaniambia nimebakiwa na dakika moja.

"Usitoke hapo," nikamwambia mume wangu, nikiwa tayari nimesimama. "Usiende mahali, unanisikia? Nakimbia kununua kadi nyingine."